Kelele zinazomshika mhasibu

SWALI: Mimi ni mwanamke wa miaka 38, mhasibu, na kwa tabia ni mtu wa kufuata taratibu. Huu ni mwaka wa tatu nasikiliza panki (punk), ile roki ya haraka na ya kelele, hasa zile bendi zinazoishambulia serikali, jeshi na makampuni waziwazi. Nusu ya siasa zao sikubaliani nazo. Maneno yenyewe mara nyingi siyashiki, wanapiga kelele mno. Lakini nikiwasha tu, kuna kitu kinanikamata kifuani. Mume wangu anasema ni makelele ya vijana wasio na kazi. Nini hasa kinanivuta? Na muziki huu uliwahi kubadilisha chochote, au watu wanapunguza hasira tu?

JIBU: Dada yangu, nianze na shemeji, maana kwa nusu yuko sahihi. Ni kelele. Ila ni kelele zilizopangwa, na huo mpango ndio unaokushika kifuani kabla hujaambulia hata neno moja.

Nafundisha gitaa. Mwanafunzi akija na hamu ya panki, siku ya kwanza namwonyesha umbo moja tu la mkono. Kidole cha shahada kwenye uzi mnene kuliko zote, cha pete kwenye uzi unaofuata, nafasi mbili mbele, na kidole cha mwisho kando yake kwenye uzi wa tatu. Umbo hilo unalitelezesha huku na huku kwenye shingo ya gitaa bila kulibadilisha, na baada ya muda mfupi mtu ambaye hajawahi kushika chombo anapiga kitu kinachofanana na wimbo. Tunaiita kordi ya nguvu. Ndani yake mna noti ya msingi, noti ya tano kutoka hapo, na ya msingi tena kwa sauti ya juu zaidi. Noti ya tatu haimo. Na hiyo ya tatu ndiyo inayoamua kama kordi itasikika changamfu au ya majonzi, yaani meja au maina. Haikuachwa kwa falsafa yoyote. Ukishaongeza mkwaruzo kwenye amplifaya, noti ya tatu inagombana na wenzake na sauti yote inageuka tope, lakini ya msingi na ya tano zinashikamana kama ukuta. Kinachobaki ni sauti kubwa isiyocheka wala kulia. Imejaa nguvu lakini haijaambiwa ihisi nini. Inamngoja mtu aje aiambie.

Hapo ongeza mwendo. Albamu ya kwanza ya bendi ya Ramones wa New York, ya Aprili 1976, ina nyimbo 14 na haifikishi nusu saa. Mpiga gitaa wao, Johnny Ramone, alikuwa akizipiga nyuzi kwa kushuka tu. Mkono ukipanda haugusi kitu, unarudi kupiga tena. Chukua kalamu ugonge meza kwa mtindo huo, mara nane kila ukihesabu hadi nne, haraka, kwa dakika mbili. Mkono utawaka moto. Msikilizaji anausikia mkono huo unaowaka, hata kama hajui ni nini anachokisikia.

Sasa sauti ya mtu. Mwaka 1977 kule London kulikuwa na msichana aliyejiita Poly Styrene, mwimbaji wa X-Ray Spex, baba yake Msomali na mama yake Mwingereza, mdomoni amevaa waya za kunyoosha meno. Wimbo wao wa kwanza kutoka, "Oh Bondage Up Yours!", unaanza na yeye akizungumza kwa sauti ya upole ya mtoto mwenye adabu, akikumbusha ule usemi kwamba watoto wa kike waonekane tu, wasisikike. Halafu analipuka. Si sauti nzuri kwa kipimo cha kwaya. Inapasuka, inakwenda nje kidogo ya noti, saksafoni pembeni nayo inalia kivyake. Mwalimu wa uimbaji angemrekebisha wiki nzima, na akishamaliza kumrekebisha wimbo ungekuwa umekufa. Kosa lake ndilo linalokuambia kwamba huyu hakungoja cheti cha kuimba. Alikuwa na neno akalisema, bila kumumunya.

Nikikujibu kwa sentensi moja, dada, ni hii: panki haikushawishi, inakupa ruhusa. Hotuba ya siasa inataka ukubaliane nayo. Muziki huu unakuonyesha mtu wa kawaida, mwenye sauti ya kawaida na kordi tatu, akisema mbele za watu jambo ambalo wewe ulilimeza jana kikaoni. Ndiyo maana unaweza kutetemeka bila kukubaliana na nusu ya maneno. Hukuvutwa na ilani ya chama. Uliguswa na kule kuthubutu.

Hili la kordi tatu si maneno yangu ya kupamba. Mwanzoni mwa 1977 kijarida kimoja cha mashabiki Uingereza, *Sideburns*, kilichapisha mchoro wa mkono wa kordi tatu, na chini yake kikamwambia msomaji aende sasa akaanzishe bendi. Hicho ndicho kitendo cha kisiasa ninachokiheshimu kuliko mashairi mengi ya kupinga ubeberu.

Na kwa kuwa wewe ni mhasibu, ngoja nikupeleke mahali ambapo waandishi wengi wa muziki hawafiki: kwenye daftari la hesabu. Buzzcocks wa Manchester walikopa pauni 500 kwa ndugu na marafiki, wakarekodi nyimbo nne, na Januari 1977 wakatoa santuri kwa lebo yao wenyewe, yaani kampuni yao ya kutoa muziki, nakala 1,000 za kwanza. Zilikwisha, wakachapa nyingine, hatimaye zikafika kama 16,000. Hakuna kampuni iliyoombwa ruhusa. Vijana waliosikia santuri ile walisikia pia risiti yake: kumbe inawezekana, na gharama ni hii.

Crass walikwenda mbali zaidi. Hawa waliishi pamoja katika nyumba ya shamba huko Essex, wapinga vita, wapinga dola, wapinga kanisa, watu wagumu kupita kiasi kwa ladha yangu. Juu ya jalada la santuri zao walichapa agizo kwa mnunuzi: usilipe zaidi ya kiasi hiki. Santuri yao ndogo ya "Reality Asylum" waliiuza kwa peni 45, karibu nusu ya bei ya santuri za wengine. Walipopiga hesabu walisahau kuweka kodi ya ongezeko la thamani. Kila nakala iliyonunuliwa iliwatia hasara. Nadhani unacheka, au unashika kichwa. Baadaye walirekebisha bei, lakini agizo likabaki kwenye jalada.

The Clash nao, ambao walikuwa wamesaini na kampuni kubwa ya CBS kwa pauni 100,000 na kuitwa wasaliti kwa sababu hiyo, mwaka 1980 walitoa *Sandinista!*, albamu ya santuri tatu, wakalazimisha iuzwe kwa bei ya kama santuri moja. Kampuni ilikubali kwa sharti kwamba wao wasichukue mrabaha wa nakala 200,000 za kwanza zitakazouzwa Uingereza. Walikubali. (Kwa siri nikuambie, santuri mbili zingetosha kabisa.) Huko Washington, Fugazi waliishi miaka yao kwa tiketi za karibu dola 5 na milango iliyo wazi kwa watu wa umri wowote. Wewe unayesema ni mtu wa taratibu, angalia hawa: bei haikupanda, umri haukubagua, na mtu alipoanza kuumiza wenzake chini ya jukwaa walisimamisha wimbo na kumrudishia hela yake ya kiingilio. Utaratibu ulikuwapo. Ila waliutunga wenyewe, na mtu wa taratibu halisi anaijua tofauti. Mwimbaji wao, Ian MacKaye, alipokuwa kijana kwenye bendi ya Minor Threat, aliandika wimbo wa sekunde 46 wa kusema yeye hanywi pombe wala hatumii dawa za kulevya. Sekunde 46, na mpaka leo kuna vijana katika nchi nyingi wanaoishi kwa msimamo huo.

Kuhusu nusu ya siasa usiyokubaliana nayo, usijione mgeni. Wenyewe hawakubaliani. Yule Johnny Ramone wa mkono unaowaka alikuwa mtu wa mrengo wa kulia, shabiki wa Ronald Reagan, rais wa Marekani wa miaka ya 1980. Mwaka 1985 Reagan alipotembelea makaburi ya Bitburg kule Ujerumani, walikozikwa pia wanajeshi wa Waffen-SS, kikosi cha Wanazi, wenzake kwenye bendi walikasirika wakatunga wimbo wa kumsuta. Johnny aliupiga. Ilipofika zamu ya kuuweka kwenye albamu, alidai jina lake libadilishwe, na likabadilishwa. Bendi moja, wimbo mmoja, siasa mbili. Dead Kennedys wa San Francisco nao wengi huwakumbuka kwa kumshambulia Reagan, lakini wimbo wao wa kwanza, wa mwaka 1979, ulimrukia Jerry Brown, gavana wa California aliyependwa na watu wa mrengo wa kushoto. Mwaka huohuo mwimbaji wao, Jello Biafra, aligombea umeya wa jiji. Kati ya ahadi zake ni kwamba wafanyabiashara wavae nguo za wachekeshaji wa sarakasi wakiwa ndani ya mipaka ya jiji. Alipata kura zaidi ya 6,000. Kati ya hao wote, sidhani kama kulikuwa na wengi waliotamani kweli kumwona meneja wa benki na pua nyekundu.

Lakini kuna upande ambao sitaki nikufiche, kwa sababu ukisema tu kwamba panki ni ruhusa, lazima uulize ruhusa ya nani. Kordi ya nguvu haina itikadi. Ile sauti isiyojua inahisi nini inaweza kuambiwa ihisi chuki, nayo itatii vilevile. Mwanzoni kabisa baadhi ya wapenzi wa panki London walivaa swastika, alama ya Wanazi, ili kuwaudhi wazee waliopigana vita, wakidhani ni mzaha. Mzaha ule uliacha mlango wazi. Skrewdriver walianza kama bendi ya kawaida ya panki. Miaka ya 1980 wakawa wapiga debe wa Wanazi mamboleo. Na wasikilizaji walisikia mtetemo uleule kifuani. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba muziki huu kwa asili yake ni wa haki na usawa, namwomba asome tena historia. Ulifanywa kuwa hivyo na watu walioamua, na ilibidi wapigane. Dead Kennedys mwaka 1981 walitoa wimbo wa kuwafukuza Wanazi kwenye maonyesho yao kwa tusi la wazi, na ndani ya jalada wakatia kitambaa cha mkononi chenye swastika iliyopigwa mstari.

Hapo tunaingia kwenye swali lako la pili, la kubadilisha. Kisa ninachokifahamu vizuri kuliko vyote kinaanzia Birmingham, Agosti 1976. Eric Clapton, mpiga gitaa ambaye jina lake lilijengwa juu ya muziki wa watu weusi, alisimama jukwaani akamsifu Enoch Powell, mwanasiasa aliyepinga wahamiaji, na kusema wageni waondoke. Watu kadhaa waliandika barua ya hasira kwenye magazeti ya muziki, na barua ile ikazaa kampeni iliyoitwa Rock Against Racism. Walichofanya kilikuwa rahisi sana: kwenye jukwaa moja weka bendi ya panki ya Wazungu na bendi ya rege ya weusi, usiku baada ya usiku. Tarehe 30 Aprili 1978 walitembea kutoka Trafalgar Square hadi Victoria Park, mashariki mwa London, na huko wakapiga The Clash, Steel Pulse, X-Ray Spex na bendi ya Tom Robinson. Makadirio ya umati huanzia watu 80,000.

Mwaka uliofuata chama cha kibaguzi cha National Front kilianguka vibaya kwenye uchaguzi. Je, ni muziki? Ningependa kusema ndiyo, lakini kusema kweli Margaret Thatcher, kiongozi wa chama cha Conservative, naye alikuwa amewavuta wapiga kura wake kwa kauli kali kuhusu uhamiaji. Kile ninachoweza kukisimamia ni kidogo zaidi. Katika umati ule alikuwamo kijana wa kazi ya ofisini, Billy Bragg, ambaye baadaye alikuja kuwa mwanamuziki. Amesimulia mara nyingi kwamba ofisini kwake utani wa kibaguzi ulikuwa wa kila siku, naye alikuwa akinyamaza. Siku ile, Tom Robinson akiimba wimbo wake wa kutetea mashoga, wanaume waliokuwa karibu naye walianza kubusiana, naye akashtuka. Kabla jua halijazama alikuwa ameelewa kwamba wanaochukiwa wana adui mmoja, na kwamba kizazi chake kitapimwa kwa jambo hilo. Anasema hakubadilishwa na The Clash jukwaani. Kilichombadilisha ni kuuona umati na kugundua kwamba hayuko peke yake. Kijana wa ofisini, dada. Anayemeza maneno.

Kipimo kingine ni hofu ya wakubwa. Sex Pistols walipotoa wimbo wao kuhusu Malkia, Mei 1977, wiki chache kabla ya kilele cha sherehe za miaka 25 ya utawala wake, BBC iliufungia. Hata hivyo ulipanda hadi nafasi ya 2 kwenye orodha ya mauzo, na kuna maduka ambayo kwenye orodha yao ya santuri yaliacha mstari huo mtupu, bila jina, kana kwamba kwa kutokuandikwa wimbo haupo. Ujerumani Mashariki, mwaka 1983, wanamuziki wa bendi ya Namenlos walifungwa jela kwa maneno ya nyimbo zao. Moscow, Februari 2012, wanawake wa kundi la Pussy Riot walifanya onyesho la chini ya dakika moja ndani ya kanisa kuu, na watatu wakahukumiwa miaka miwili. Banda Aceh, Indonesia, Desemba 2011, polisi walivamia tamasha la hisani, wakawakamata vijana 64, wakawanyoa na kuwapeleka kambini kuwafunza adabu.

Indonesia hiyohiyo, Februari 2025, wanamuziki wawili wa Sukatani, ambao siku zote walipanda jukwaani wamefunika nyuso, walionekana kwenye video nyuso wazi, wakiiomba radhi polisi kwa wimbo wao "Bayar Bayar Bayar", yaani lipa, lipa, lipa. Ni wimbo wa kutoa hongo kila ukikutana na askari. Waliuondoa mtandaoni. Ndani ya siku chache uliimbwa barabarani na waandamanaji ambao wengi wao nina shaka kama walikuwa wameshawahi kuusikia. Mtu hafanyiwi hayo kwa kupunguza hasira tu.

Ukitaka kukisikia kitu chenyewe kikiwa uchi kabisa, tafuta toleo la awali la albamu ya kwanza ya Crass. Wafanyakazi wa kiwanda cha Ireland waliotakiwa kuichapa walikataa kwa sababu ya wimbo mmoja wa kuukashifu Ukristo. Bendi iliutoa, lakini haikuziba pengo. Iliacha takriban dakika mbili za kimya mahali pake, ikakipa kimya hicho jina: "The Sound of Free Speech", sauti ya uhuru wa kusema. Mimi si mpenzi mkubwa wa maneno ya Crass, na wimbo uliokataliwa naona uliandikwa ili kuumiza. Ila hizo dakika mbili huwa sizirushi.

Na shemeji? Anaposema vijana wasio na kazi, The Clash wenyewe hawakukana. Uingereza ya 1976 ilikuwa na watu zaidi ya milioni moja wasio na ajira, na kwenye albamu yao ya kwanza wameweka wimbo mzima wa kuzikataa kazi za ovyo wanazopewa vijana. Mick Jones, mpiga gitaa, alikuwa amewahi kufanya kazi ya kufungua barua za ofisi ya serikali wakati ambapo mabomu yalikuwa yakitumwa kwa posta. Usianze na huo wimbo wa kazi, lakini. Tafuta toleo la Uingereza la 1977, maana lile la Marekani limepangwa upya, na umwekee "Police and Thieves". Ni wimbo wa rege wa Mjamaika Junior Murvin. Hapo umepigwa na Wazungu wa London kwa dakika sita, mwendo wa taratibu, gitaa moja sikio la kushoto na jingine la kulia. Akianza kutikisa kichwa, usiseme kitu. Wimbo unaofuata haufikishi dakika mbili.